Kondoo Watatu na Daktari Mmoja

Mtu mwenye njaa husikia mbali. Gicheru alikuwa ameketi katika kona ya hoteli moja ya chai mjini Nyeri, mbele ya kikombe alichokuwa akikinywa tangu saa tatu asubuhi, na sasa ilikuwa inakaribia saa sita, aliposikia meza ya nyuma yake ikitaja neno "figo."

Hakugeuka. Mjanja wa kweli hageuki. Aliegemeza tu kichwa upande wa kushoto, upande wenye sikio zuri, akatulia kama mtu anayewaza dhambi zake.

"Nimepewa majani na mganga mmoja wa kule juu msituni," sauti nzito ilikuwa ikisema. "Ati yanasafisha figo na kuteremsha presha. Lakini mimi siwezi kunywa kitu hakijajaribiwa. Hata hospitali walisema, dawa hujaribiwa kwa mnyama kwanza. Sasa mimi nitajaribia nani?"

"Jaribia bibi yako," sauti ya pili ikashauri.

"Na akifa nani atanipikia?"

Mwenye sauti nzito alikuwa Mzee Hezekiah wa Naro Moru, mwenye duka, mwenye posho mill ya kusaga mahindi, na mwenye tumbo lililomtangulia kila alikokwenda kama mtoto wa kutumwa. Alikuwa bahili wa kupigiwa mfano. Watu walisema alikuwa akizima koroboi kabla ya kusali, kwa hoja kwamba Mungu haonekani hata taa ikiwaka. Lakini bahili naye ana mlango wake, na mlango wa Hezekiah ulikuwa woga. Aliogopa kufa kwa figo, aliogopa kufa kwa presha, na zaidi ya yote aliogopa kufa kwa dawa.

Sasa tumtazame Gicheru. Mwaka huo ulikuwa wa kumi na moja tangu bendera ipandishwe, na wananchi wengi walikuwa wamepata kitu: huyu shamba, yule duka, mwingine cheo. Gicheru alikuwa amepata koti. Alikuwa amefagia sakafu miaka miwili katika maabara moja ya mifugo, akafukuzwa kwa sababu sungura wa utafiti walikuwa wakipungua naye alikuwa akinenepa. Walichukua ufagio wao, wakasahau koti jeupe. Tangu siku hiyo koti hilo lilikuwa shamba lake, duka lake na cheo chake.

Na siku hiyo alikuwa na shida isiyongoja. Miaka sita alikuwa akimchumbia Murugi, muuza nyanya wa soko la Kagio, na miaka sita alikuwa akimlipia baba yake kwa maneno. Siku mbili kabla ya hapo baba mtu, Mzee Kingori wa Kerugoya, alikuwa amemketisha.

"Gicheru, maneno yako yamejaa katika ua wangu hata hakuna mahali pa kufunga kondoo. Jumamosi ya juma lijalo nataka ngoima watatu hapa. Usipowaleta, msichana ataulizwa na wengine."

Ngoima si kondoo wa kuokota njiani. Ni dume lililofungiwa ndani ya nyumba, katika kizimba karibu na jiko, likilishwa majani ya viazi vitamu kwa mkono wa mama mwenye nyumba hata linenepe lishindwe kupita mlangoni. Ngoima mmoja ni heshima. Watatu ni mke.

Gicheru akakimaliza kile kikombe kwa mkupuo. Akaenda chooni nyuma ya hoteli. Aliingia mtu mwenye njaa, akatoka daktari.

"Samahani wazee," alisema, akisimama mbele ya meza na koti lake jeupe, kalamu mbili mfukoni, moja yao haina wino. "Nimepita nikasikia neno figo. Mimi ni mtu wa figo."

Hezekiah alimtazama juu hadi chini. Viatu vilimtia shaka, lakini koti likamshinda.

"Wewe ni daktari?"

"Wa utafiti. Wale wa hospitali wanatibu. Sisi ndio tunawaambia watibu na nini. Haya majani, unayo hapa?"

Hezekiah akafungua kitambaa. Gicheru akachukua majani makavu, akayanusa, na roho yake ikacheka peke yake. Ilikuwa thabai, yale majani yawashayo ambayo kila mtoto wa mlimani amewahi kuyaangukia akalia. Yakikauka hayawashi, na yakisagwa hakuna wa kuyatambua kwa macho.

"Mzee," alisema kwa sauti ya mazishini, "unajua uko na nini hapa?"

"Nini?"

"Jina lake la kisayansi ni refu, chai yako itapoa. Lakini nikuulize: hii ikijaribiwa ikakubali, nani ataiuza mlima wote, kutoka Nanyuki mpaka Kerugoya?"

Macho ya Hezekiah yakapanuka. Hakuwa amefikiria kuuza. Sasa hakuweza kufikiria kingine.

"Basi leta panya ujaribu."

"Panya? Mzee, wewe ni panya?"

"Hapana!"

"Dawa hujaribiwa kwa mnyama aliye kama mgonjwa. Niambie mwenyewe: mnyama mkubwa, amenona, anakaa ndani siku zote, analetewa chakula, haendi mbali. Ni mnyama gani huyo?"

Mzee Hezekiah akawaza. Rafiki yake akawaza pia, akashika mdomo asicheke.

"Ngoima," Hezekiah alisema polepole.

"Mimi sikusema," Gicheru akajibu. "Wewe ndiye umesema. Uko nao?"

"Niko nao watatu."

Daktari Gicheru akafumba macho kidogo. Wengine walidhani anapiga hesabu za kisayansi. Alikuwa akimshukuru Mungu.

* * *

Ngoima watatu wa Hezekiah walikuwa mali ya Hezekiah kwa jina tu. Kwa kweli walikuwa wa mkewe, Wamucii, mama mwembamba mwenye macho yasiyo na haraka, aliyekuwa amewalisha miaka miwili kwa mkono wake. Walikuwa weupe pee, wanene kama magunia ya pamba, na alikuwa amewapa majina: Karani, Padri na Bwana Shauri. Bwana Shauri ndiye aliyekuwa mnene kupita wote na hakufanya kazi yoyote.

"Watachukuliwa kwa nini?" Wamucii aliuliza.

"Utafiti, mama," Gicheru alisema. "Mmoja atakunywa dawa. Mmoja atakunywa maji matupu, tumlinganishe."

"Na wa tatu?"

Gicheru hakuwa amemfikiria wa tatu. "Wa tatu ni shahidi," alisema.

Akatoa vyombo vyake, maana Hezekiah alitaka kuona kazi ikianza. Alikuwa na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli na pampu. Akamfunga Bwana Shauri mpira mguuni, akapampu mara nne, akatazama saa ya mkononi ambayo ilikuwa imesimama tangu Krismasi.

"Mia mbili na kumi!" alisema, akatikisa kichwa. "Damu haizunguki. Imeketi."

"Kama yangu!" Hezekiah akalia. "Hivyo hivyo!"

"Hiyo si pampu ya baiskeli?" Wamucii akauliza.

"Mama, hewa ni hewa."

Ilisemwa kwamba wanyama wangekaa maabara siku kumi, mbali na watu wanaowajua, kwa sababu mnyama akiona sura ya kwao moyo hudunda na presha hudanganya. Hezekiah alikubali kila kitu. Kisha akanyoosha mkono.

"Mimi nakuamini kabisa, daktari. Kwa hivyo kitambulisho chako kitalala kwa sanduku yangu mpaka kondoo warudi."

Hapo Gicheru alifunika mfuko kwa kiganja. Mtu asiye na kitambulisho siku zile angeweza kuulizwa na askari maswali mengi, na Gicheru alikuwa na majibu ya kuwapa watu wote duniani isipokuwa askari. Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja. Akakitoa.

Wamucii aliwasindikiza kondoo wake hadi barabarani. "Padri hukohoa akinywa maji baridi," alimwambia Gicheru. "Umpashie moto kidogo."

Gicheru alihisi kitu kikimchoma kifuani. Akadhani ni njaa.

Barabarani alikuwa akingoja Ngatia na pikapu yake ya kubebea kabichi. Ngatia alikuwa rafiki wa Gicheru tangu utotoni, na urafiki wao ulidumu kwa kuwa mmoja alisema yote na mwingine hakusema lolote. Ngatia alikuwa na maneno kumi kwa siku, na mengi yao aliyarudisha nyumbani jioni bila kuyatumia.

"Wapeleke Kagio, uwafunge nyuma ya kibanda cha Murugi," Gicheru alimwambia. "Uwakatie majani kila jioni wasikonde. Na Jumamosi ya mahari, nikichelewa kwa lolote, wewe tangulia nao Kerugoya. Mzee Kingori asingoje kondoo. Mimi anaweza kuningoja, amezoea."

"Sawa," Ngatia alisema. Likawa neno lake la kwanza siku hiyo.

* * *

Sasa mtu atauliza: kwa nini Gicheru hakupotea tu? Kwa sababu ya kitambulisho, ndiyo. Lakini pia kwa sababu ya heshima ya kazi. Mwizi hutoroka. Mjanja hurudi, akashukuriwa.

Alikwenda Nanyuki kwa Olow, mfanyabiashara wa mifugo aliyenunua kondoo kutoka nchi kavu za kaskazini. Olow alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya zizi lake, akitafuna kijiti cha mswaki.

"Nataka kondoo watatu," Gicheru alisema. "Waliokonda sana."

Olow akatoa mswaki mdomoni. "Wallahi, miaka ishirini niko hapa. Watu wote wanataka wanono. Wewe unataka mifupa?"

"Ni mambo ya sayansi."

"Sayansi gani inakula mifupa?"

"Uko nao, hauko nao?"

Olow alikuwa nao. Walikuwa wametembea kutoka mbali hata miguu yao ilifanana na mianzi. Miili yao ilikuwa myeupe kama ya wale wa Hezekiah, jambo lililompendeza Gicheru, lakini vichwa vyao vilikuwa vyeusi tititi mpaka shingoni, kama watu waliotumbukizwa kichwa katika pipa la lami. Ndivyo kondoo wa kaskazini walivyo.

"Hauna wa kichwa cheupe?"

"Ndugu yangu, unanunua kondoo ama kofia?"

Wakabadilishana kwa baiskeli ya Gicheru. Olow aliikagua kila nati. Gicheru hakuwakagua kondoo, maana alikuwa na haraka, na mtu anayedanganya wengine hana wakati wa kuchunguza anachouziwa. Alibakiza pampu na kile kipande cha mpira tu.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mahari, akashuka Naro Moru kwa lori la mbao na kondoo wake watatu. Tangu Nanyuki hadi pale alikuwa akitunga maneno. Aliposhuka yalikuwa tayari.

Hezekiah alitoka dukani mbio. Akasimama.

"Daktari! Hawa ni akina nani?"

"Mzee, keti kwanza."

"Hawa si kondoo wangu!"

"Ni wao. Keti." Gicheru akamwekea mkono begani. "Dawa yako ni kali kuliko tulivyodhani. Kondoo wako hawakuwa wanono. Yalikuwa maji. Figo zilikuwa zimefunga, maji yakajaa mwilini. Tumewapa dawa, figo zikafunguka, wakakojoa siku tatu mchana na usiku. Huu unaouona sasa ndio mwili wao wa kweli."

Hezekiah akakaa kwenye gunia la maharagwe. Alitazama tumbo lake mwenyewe.

"Na vichwa? Mbona vyeusi?"

"Mzunguko wa damu!" Gicheru akapiga kofi. "Damu iliyokuwa imeketi imeamka ikapanda. Yote iko kichwani."

Uso wa Hezekiah ulianza kupata nuru. Katika macho yake chupa zilikuwa zikijipanga kwenye rafu. Lakini Wamucii alikuwa ametoka jikoni na alikuwa amesimama karibu na wale kondoo, mikono ndani ya leso.

"Karani," aliita taratibu. "Padri. Bwana Shauri."

Kondoo walimtazama kama watalii.

"Hawanijui," alisema.

"Damu ikipanda kichwani ghafla, mama, kumbukumbu husombwa."

"Aha. Na yule aliyekunywa maji matupu, wa kulinganisha. Mbona naye kichwa ni nyeusi?"

"Walilala pamoja," Gicheru alisema bila kupumua. "Wakapumuliana."

"Na huyu wa tatu, shahidi?"

"Shahidi ndiye aliyeumia zaidi, mama. Aliyaona yote."

Wamucii akainama, akainua mkia wa huyo shahidi, akatazama. Akatazama tena. Aliposimama uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu atokaye kanisani.

"Baba Watiri," alimwambia mumewe, maana Watiri ndiye mtoto wao wa kwanza, "kuja uone. Bwana Shauri amekuwa jike."

Hezekiah akainama, akatazama, akasimama haraka. Gicheru akaikumbuka haraka yake kule zizini. Olow! Lakini ulimi wa mjanja ni kama mguu wa paka, ukianguka husimama.

"Hutokea," alisema. "Mara chache. Figo zikisafishwa kupita kiasi, mwili husahau."

Basi jambo hili, ambalo lingemzindua mtu mwingine yeyote, lilimwingia Hezekiah kwa mlango wake ule ule. Hakufikiri, "Nimeibiwa." Alifikiri, "Na mimi je?" Akabana miguu.

"Mimi sinywi!" alisema. "Hata kidogo! Bwana Shauri alikuwa dume wa kuogopwa!"

"Kwa kondoo tu, mzee! Kwa binadamu haiwezi!"

"Umejuaje?" Wamucii akauliza.

"Sayansi inasema."

"Basi sayansi ionje." Wamucii aliingia jikoni, akarudi na kibuyu kikubwa, mvuke ukitoka mdomoni. Alikuwa amekwisha kuyachemsha yale majani. "Daktari, wewe ni mtu wa hapa. Unajua kwetu anayetoa kinywaji huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Hata uji. Hata pombe ya wazee. Wewe ndiye umesema hii ni dawa. Onja."

Gicheru alikuwa amepita desturi nyingi kwa mdomo, lakini hii ilikuwa katika damu. Mlimani pote, mtu akikataa kuonja alichompa mwenziwe, watu hawaulizi tena swali jingine. Huchukua mawe. Naye alijua ni thabai tu. Akachukua kibuyu, akapiga funda.

"Mmm. Tamu."

"Yote," Wamucii alisema. "Kondoo alikunywa kibuyu. Wewe ni mdogo kuliko kondoo?"

Akanywa yote.

"Vizuri. Sasa tutangoja."

"Tungoje nini, mama?"

"Kichwa iwe nyeusi. Ama ile ingine." Akatazama chini kidogo, kwa adabu. "Kondoo walichukua siku kumi. Lakini mtu hana manyoya, siku tatu zitatosha. Kizimba kiko wazi."

"Siku tatu! Mama, Jumamosi niko na safari kubwa!"

Hezekiah akasimama. Matumaini yalikuwa yamemrudia. Hapa alikuwa amepata mnyama wa majaribio aliyefanana naye kuliko kondoo yeyote, na wa bure. "Daktari, kitambulisho kiko kwa sanduku. Mambo ya sayansi hayakatizwi katikati. Ni wewe ulisema."

Angesema nini? Akisema "Nakwenda," amekiri kwamba dawa si dawa, kondoo si kondoo, daktari si daktari. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemzunguka kama ua wa miiba. Akainama, akaingia kizimbani.

* * *

Kuhusu Alhamisi ile jioni na Ijumaa yote, heshima inatutaka tuwe wafupi. Thabai hufungua figo. Hilo kila bibi mlimani analijua. Kibuyu kilikuja asubuhi, kikaja mchana, kikaja jioni. Hezekiah aliweka debe kando ya kizimba na kila mara alikuja kutazama limefika wapi, akichora alama kwa chaki, akisema, "Hii ni figo! Hii ni figo ya serikali!" Chakula kilikuwa majani ya viazi vitamu, kwa sababu, kama Wamucii alivyoeleza, utafiti ukibadilisha chakula matokeo huharibika. Kila baada ya saa mbili Hezekiah alikuja na pampu, akamfunga daktari mpira mkononi na kupampu mpaka vidole vikawa kama ndizi.

"Ngapi?" Gicheru aliuliza mara ya kwanza, kwa mazoea.

"Sijui kusoma," Hezekiah alisema. "Lakini unasikia uchungu?"

"Ndiyo!"

"Basi iko."

Ijumaa asubuhi shahidi, yule Bwana Shauri mpya, alizaa mwana-kondoo mzuri, mwenye kichwa cheusi, palepale karibu na miguu ya Gicheru. Hezekiah alipoona alirudi nyuma hatua tatu na hakukaribia kizimba hadi saa nane.

Jumamosi jua lilipochomoza Wamucii alileta majani. Gicheru alishika fito za kizimba kwa mikono miwili.

"Mama, nisikilize. Mimi si daktari."

"Kula."

"Nilikuwa nafagia! Wale si kondoo wako!"

"Gicheru," alisema Wamucii, akitumia jina lililokuwa kwenye kitambulisho, "mtu analisha ngoima miaka miwili kwa mkono, halafu unamletea vitu kutoka Nanyuki unamwambia ni damu imepanda? Nilijua siku ya pampu. Tena hiyo dawa niliijua nikiinusa tu. Ni thabai. Miaka ishirini nampondea Baba Watiri pamoja na viazi na mahindi, kwa mukimo. Anamaliza, anaomba tena."

Gicheru akauliza swali la kweli. Ilikuwa mara ya kwanza tangu abatizwe.

"Kwa nini basi uliniacha niwachukue?"

"Kwa sababu yeye alikuwa amekwisha sema ndiyo. Mwanamke akikataa mbele ya mgeni, kondoo wanaenda na makelele yanabaki. Nilisema acha waende, kitambulisho kibaki. Wako wapi?"

Akamwambia. Yote: Murugi, Mzee Kingori, miaka sita, Jumamosi hii. Aliposema "miaka sita" sauti ilimkatika kweli, na hakuwa ameipanga ikatike.

Wamucii akatazama jua. "Mahari inaanza saa tano. Kutoka hapa mpaka Kerugoya, hauna baiskeli. Ukifika, kondoo wangu hao watakuwa wamekwisha liwa." Akafungua kizimba, akamtupia kitambulisho. "Mimi niko na kondoo watatu na mtoto mmoja. Wewe enda utafute mke. Koti na pampu ziache hapa."

* * *

Alipanda lori la mchanga, akashuka, akatembea, akapanda trekta, akasimama mara kumi na moja kichakani kwa sababu dawa ilikuwa bado inafanya kazi. Alifika kwa Mzee Kingori saa tisa, bila koti, majani ya viazi yakimning'inia nyweleni. Alisikia nyimbo za akina mama kabla hajaona mlango. Na harufu. Mjanja au mjinga, hakuna asiyeijua harufu ya mafuta ya ngoima juu ya makaa.

Langoni walikuwa wameketi wazee wawili aliowakodi katika baa moja ya Kagio wawe baba zake wadogo, maana wa ukoo wake wa kweli walikuwa wamechoka naye tangu vita vya Mau Mau. Kila mmoja alikuwa na ubavu mkononi.

"Mmefanya nini?" Gicheru aliuliza.

"Tumeoa," alisema mmoja, akifuta midomo.

"Mmemwolea nani? Mimi sikuwepo!"

"Wewe haukuwako," mzee wa pili akakubali. "Kondoo walikuwako. Kijana aliyekuja nao alikuwako. Mzee Kingori akauliza, 'Nani amezifunga kamba hizi mlangoni kwangu?' Kijana akasema, 'Mimi.' Mwenye kamba ndiye mwoaji, sasa sisi tungesema nini? Na tulikuwa hatujakula tangu jana."

Uani, kwenye kigoda cha bwana arusi, alikuwa ameketi Ngatia, amevaa koti la kuazima, anatazama magoti yake. Kando yake Murugi, leso mpya begani.

"Ngatia!" Gicheru akapaza sauti. "Wewe! Rafiki yangu!"

Ngatia akainua macho. Ilionekana anatafuta neno. "Ulisema nitangulie," alisema.

Gicheru akamgeukia Murugi. Hakuwa na koti, hakuwa na kalamu. "Murugi. Miaka sita."

"Ndiyo, miaka sita," Murugi alisema, si kwa hasira. "Gicheru, unajua yule kondoo mdogo hukohoa akinywa maji baridi? Ngatia aliona siku ya kwanza. Akawa anampashia moto, kila jioni, nyuma ya kibanda changu. Hakuna aliyemwambia. Hakusema kitu. Anapasha tu." Akaivuta leso begani. "Leo waliniletea pembe ya pombe ya muratina, wakaniuliza kama wazee wanywe. Wewe unajua mila. Msichana asipoonja kwanza, hakuna anayekunywa, kondoo wanarudishwa. Nikaangalia langoni kama unakuja."

"Halafu?"

"Halafu nikaonja."

Mzee Kingori, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimpa Gicheru sehemu yake ya nyama kama mgeni yeyote, juu ya jani la mgomba. Katikati, kwa kuwa mkata nyama alisikia kwamba huyu ni mtu wa figo, ilikuwa figo moja ya Bwana Shauri. Nono, laini, imezungukwa na mafuta.

Gicheru aliigeuza kwa kidole, kama mtu wa utafiti. Kisha akaila, maana alikuwa amekula majani siku mbili. Ilikuwa safi kabisa.

* * *

Miezi mitano baadaye, siku ya soko Kagio, Gicheru alikuwa akipita katikati ya vibanda akitafuta mtu wa kumwamini, na alikuwa hajampata, aliposikia kelele ya watu waliopanga foleni. Akasogea. Mbele ya foleni alisimama Wamucii, amevaa koti jeupe lililopunguzwa mikono, kalamu mbili mfukoni. Nyuma yake Mzee Hezekiah, mwembamba kidogo kuliko zamani, aking'aa kwa afya, alikuwa akiwafunga wateja mpira mkononi na kupampu. Juu ya meza zilijaa chupa za maji ya kijani, na kila moja ilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono:

DAWA YA FIGO NA DAMU. IMEJARIBIWA KWA KONDOO WATATU NA DAKTARI MMOJA.

Macho ya Wamucii yakamwona.

"Sogeeni kando, watu wangu," alisema. "Huyu hapangi foleni." Akamimina kikombe, akapiga funda moja yeye mwenyewe mbele ya wote, kama desturi itakavyo, kisha akampa. "Kunywa, daktari. Wewe hapa hulipi kamwe. Acha watu wakuone. Geuka kidogo waone na kichwa."

Gicheru alikunywa. Angefanya nini? Kisha akageuka polepole, huku na huku, na foleni yote ikamkagua kuanzia utosini, na akina mama wawili wa nyuma, waliokwisha sikia habari za Bwana Shauri, wakainama kidogo kutazama chini.

"Hakuna kitu imebadilika," alisema mmoja wao.

"Nipe mbili," alisema mwenziwe.